Je, Anayefia Pangoni Chini ya Maji Amejitakia? Jibu kwa Msomaji wa Tanga

Swali: Mdogo wangu anafanya kazi ya kuwaongoza wageni wanaopiga mbizi huko Unguja, na cheti anacho. Sasa kuna wageni wanaomshawishi aingie nao kwenye pango lenye maji. Nimesoma habari za watu waliofia mapangoni katika nchi mbalimbali, na chini ya kila habari naona maoni yale yale: "alijitakia", "sikio la kufa halisikii dawa". Naomba kujua hatari yenyewe ni ipi hasa, na kama wanaosema hivyo wana haki ya kusema.

Jibu: Dada yangu, asante kwa swali lako. Naanza na hatari yenyewe, kwa kuwa asiyejua mtu amefia nini hawezi kusema kwa uadilifu kama amejitakia.

Tofauti kubwa kati ya mwamba wa matumbawe anaoujua mdogo wako na pango ni kile kilichopo juu ya kichwa. Baharini, mpiga mbizi aliyepatwa na tatizo ana maji tu juu yake, na juu ya maji hayo ipo hewa. Kupanda kwa haraka kunaweza kumdhuru, hata kumlemaza, lakini njia ipo. Pangoni juu ni jiwe. Njia ya kutokea ni ile aliyoingilia, nayo inaweza kuwa umbali wa mita 200 au zaidi, yenye kona na sehemu nyembamba ambamo mtungi unagusa ukuta. Kwa hiyo mambo ambayo nje ni usumbufu wa kawaida, kama taa kuzimika, mpira wa hewa kuvuja au miwani kuingia maji, humo ndani yanageuka kuwa hesabu ya dakika.

Hesabu hiyo si ngumu, na ningependa uione. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una hewa kiasi cha lita 2,400. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwa hiyo mtungi huo ungemtosha saa mbili. Akishuka mita 30, mgandamizo unakuwa mara nne ya ule wa juu, na kila pumzi anayovuta inabeba hewa mara nne. Zile saa mbili zinabaki nusu saa. Akiingiwa na hofu, moyo ukaenda mbio na pumzi zikawa fupi fupi, matumizi yake huongezeka mara mbili au zaidi, na nusu saa inabaki robo saa. Hapo bado hatujamhesabia muda wa kutafuta njia.

Ndiyo maana wapiga mbizi wa mapangoni wana kanuni ya theluthi. Theluthi moja ya hewa ni ya kuingilia, ya pili ni ya kutokea, na ya tatu haiguswi. Mwenye mtungi wa baa 200 hugeuka geji, yaani kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, ikisoma kama 140, hata kama chumba kizuri alichokifuata kiko mbele yake hatua chache. Watu wengi hudhani theluthi ya tatu ni ziada ya starehe, kumbe ni hewa ya mwenzake. Mmoja akipoteza hewa yote pale mwisho wa safari, mwenzake amebakiwa na theluthi mbili, na watu wawili wanahitaji theluthi moja kila mmoja ili watoke. Inatosha kabisa, bila pumzi moja ya kuchezea, na inatosha kwa sharti kwamba hakuna atakayebabaika wala kusimama. Katika pango ambalo maji yanavuta kuelekea ndani hata hiyo haitoshi, kwa sababu kuingia ni kusukumwa na kutoka ni kupambana na mkondo. Huko mwenye busara hugeuka mapema zaidi.

Kisha kuna tope. Sakafu ya mapango mengi imefunikwa na vumbi laini lililotua humo kwa miaka mingi pasipo kusumbuliwa na wimbi. Pigo moja la pezi likielekea chini, au mapovu ya pumzi yakikwangua dari, linatosha kulitibua, na maji yaliyokuwa angavu kama kioo yanakuwa maziwa ya rangi ya udongo. Taa haisaidii tena, maana mwanga wake unarudi usoni. Wakati huo kinachomtoa mtu ni kamba. Mpiga mbizi wa pangoni hutandaza au hufuata kamba isiyokatika kutoka kwenye maji yaliyo wazi nje hadi kila anapofika, na anapopoteza uwezo wa kuona huizungushia kidole gumba na cha shahada kama pete, kisha hutoka kwa kupapasa. Kwenye kamba hufungwa vishale vya plastiki, ncha ikielekea upande wa kutokea ulio karibu, na umbo lake limechaguliwa makusudi ili lisomeke kwa vidole. Anayejifunza kazi hii hufunikwa macho na kufundishwa kutoka hivyo, tena na tena, mpaka mkono uzoee. Asiyefundishwa, pale tope linapopanda, mara nyingi hata kamba hana.

Kina nacho kina ulevi wake. Kuanzia karibu mita 30, naitrojeni iliyomo katika hewa ya kawaida huanza kumlewesha mtu. Wengine huchangamka, wengine huingiwa na woga usio na sababu, na wote hupungukiwa uwezo wa kuamua. Oksijeni yenyewe, ambayo ni uhai, ikivutwa tupu na mtu aliyepita kina cha mita chache tu huweza kuleta degedege, na mtu mwenye degedege majini huzama. Wapo waliokufa kwa sababu waliweka mdomoni mpira wa mtungi wenye gesi isiyofaa kwa kina kile. Kosa la sekunde mbili.

Sasa, ni nani hasa wanaokufa? Jibu la swali hili ndilo lililonifanya niache kusoma maoni ya watu chini ya habari. Mwaka 1979, Mmarekani Sheck Exley, mwalimu wa hisabati wa Florida, alichapisha kitabu kidogo ambamo alichukua ajali za mapangoni moja baada ya nyingine na kuuliza kila moja: ni kipi kilichokosekana? Majibu yalijirudia kiasi cha kuchosha. Hapakuwa na kamba ya kurudia, au hewa haikuhifadhiwa kwa theluthi, au walizidisha kina. Baadaye wenzake waliongeza mambo mawili: mafunzo mahususi ya mapango na taa za akiba, na ndiyo maana hadi leo kila mmoja hubeba taa tatu. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba miongoni mwa waliokufa walikuwamo wakufunzi wa kupiga mbizi baharini, watu wenye vyeti vikubwa na uzoefu wa miaka. Kwenye milango ya mapango mengi ya Florida limewekwa bango lenye picha ya kifo kikiwa kimeshika mundu, linalomwambia anayelisoma kwamba zaidi ya wapiga mbizi 300, wakiwamo wakufunzi wa bahari wazi, wamekufa katika mapango kama hilo, na kwamba ndani yake hakuna kitu chochote ambacho mtu anastahili kukifia. Bango hilo haliwalengi wapumbavu. Linamlenga mtu kama mdogo wako, hodari baharini, anayedhani uhodari huo unahamia pangoni.

Kilichotokea Australia ya Kusini kinaonyesha faida ya kuuliza kabla ya kulaumu. Kati ya mwaka 1969 na 1974, wapiga mbizi 11 walikufa katika mashimo na mapango ya maji ya eneo la Mount Gambier. Mwezi wa Mei 1973 kundi la watu tisa liliingia katika shimo moja ambalo mdomo wake ni mwembamba kama wa kisima, wakashuka kina kirefu kwa hewa ya kawaida, na wanne hawakurudi. Wito wa kupiga marufuku ulikuwa mkubwa, na sioni ajabu. Wapiga mbizi wenyewe wakaunda chama mwaka huo huo, wakaweka mitihani na madaraja ya mapango, na anayetaka kuingia akalazimika kuthibitisha kwanza kwamba anaweza. Vifo vikapungua sana. Lau kama mjadala ungeishia kwenye "walijitakia", mashimo yale yangefungwa kwa makufuli na vijana wangeyavunja usiku.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kanuni ni hirizi. Exley mwenyewe alifariki tarehe 6 Aprili 1994 katika shimo la Zacatón nchini Meksiko, akijaribu kupita kina cha mita 300. Mahali kama hapo mtu amekwisha kuvuka eneo ambalo kanuni zinamlinda, na yeye alilijua hilo kuliko yeyote. Kwa hiyo nawagawa marehemu hawa katika makundi mawili ambayo vyombo vya habari huyachanganya: wasiojua walichokosa, ambao ndio wengi, na wachache waliojua kila kitu wakaamua kwenda mbele. Neno "alijitakia" angalau lina mahali pa kushika kwa kundi la pili. Kwa kundi la kwanza halina, maana mtu hawezi kutaka asichokijua.

Na hata kwa kundi la pili sina uhakika kama linatosha. Mchukue David Shaw, rubani Mwaustralia. Tarehe 28 Oktoba 2004 alishuka hadi mita 270 katika shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini, na huko chini akauona mwili wa kijana wa miaka 20 aliyepotea humo Desemba 1994. Akajitolea kurudi kumchukua ili wazazi wapate kumzika. Tarehe 8 Januari 2005 alirudi, akiwa na kamera kichwani na mfuko wa kumsitiria marehemu. Walitarajia mwili umeshikiliwa na matope. Badala yake ulilegea na kuanza kuelea, na kamba ikanasa kwenye taa yake. Katika kina hicho hewa ya kuvuta inakuwa nzito kiasi kwamba kazi ndogo ya mikono humlemea mtu pumzi, na hewa ya ukaa hujilimbikiza mwilini mpaka fahamu zimtoke. Ndivyo ilivyokuwa. Mwenzake Don Shirley, aliyekuwa akishuka kumsaidia, alipatwa na povu la gesi katika sikio la ndani, akawa hajui juu wala chini, na ilimchukua zaidi ya saa 10 kupanda hatua kwa hatua hadi juu. Siku nne baada ya kifo cha Shaw, timu ilipokuwa ikivuta vifaa vilivyobaki, miili yote miwili ilipanda pamoja.

Wapo waliomwita Shaw shujaa na wapo waliosema ni wazimu kufa kwa ajili ya maiti. Mtu wa pwani, aliyelelewa kujua uzito wa kumsitiri marehemu, nadhani atasita kidogo kabla ya kutamka lile la pili. Mimi naona alikosea katika hesabu moja tu, ile ya kazi ambayo mikono yake ingeweza kuifanya kule chini, na kosa hilo lina faida kulichunguza kuliko nia yake.

Linganisha na pango la Tham Luang, Thailand. Vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia tarehe 23 Juni 2018, mvua ikawafungia humo, na tarehe 2 Julai Waingereza Rick Stanton na John Volanthen wakawakuta hai. Tarehe 6 Julai Saman Kunan, askari wa zamani wa kikosi cha wanamaji wa Thailand, alifariki akirejea kutoka kupanga mitungi ya hewa njiani. Sikumwona mtu aliyesema alijitakia, na ni sawa. Lakini maji yaliyomuua ni maji yale yale, na kiza ni kile kile. Kinachobadilika ni sababu ya mtu kuwamo humo, na jamii hutoa hukumu kwa kutazama sababu hiyo, kisha hudhani imetoa hukumu juu ya hatari. Ukitaka kujua waokoaji wenyewe waliiogopa hatari gani zaidi, tazama walivyowatoa wale watoto: daktari Richard Harris, mtaalamu wa dawa za usingizi na mpiga mbizi wa mapangoni, aliwadunga ketamini wakalala fofofo, kwa sababu mtoto mmoja akishikwa na taharuki chini ya maji angejiua yeye na aliyembeba.

Lipo lalamiko moja la umma ambalo nalikubali, nalo ni la wale wanaotumwa kwenda kuchukua miili. Mwezi wa Februari 2014 Wafini wawili walifariki katika pango la Plura, Norwe, kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Polisi waliita wataalamu wa kimataifa, wataalamu wakaona hatari ni kubwa mno, na kazi ikasitishwa. Mwezi uliofuata marafiki wa marehemu, miongoni mwao wakiwamo walionusurika siku ile, walirudi bila idhini na wakaitoa miili yote miwili. Polisi walichunguza na hawakumshtaki mtu. Wapo waliowalaani polisi kwa uoga na wapo waliowalaani marafiki kwa ukaidi. Mimi naona polisi walifanya sawa, na marafiki nao walifanya sawa, wala sioni haya kushikilia yote mawili: serikali haina haki ya kumwamuru mtu ahatarishe uhai kwa ajili ya maiti, na waliolijua pango lile, tena wakajiandaa kwa wiki kadhaa, walikuwa na haki ya kujiamulia.

Sisi wenyewe tulikuwa na somo la namna hiyo, ingawa si la pangoni, pale Likoni, Mombasa, mwishoni mwa Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye kivuko likazama na mama na mtoto wake. Karibu wiki mbili zilipita kabla ya kuopolewa, kutoka kina cha zaidi ya mita 50, katika mkondo mkali na maji yenye giza. Siku zile kila mwenye simu alikuwa bingwa wa kupiga mbizi, na wazamiaji walikejeliwa kana kwamba walikuwa wamekaa ufukweni wakila mihogo. Ukiirudia hesabu niliyokupa hapo juu, kwa mita 50 badala ya 30, utaona mtu alikuwa na dakika ngapi za kutafuta chini kabla ya kulazimika kuanza kupanda taratibu.

Katika maoni ya Kiswahili huwa naona aina mbili za maneno. Moja ni hiyo ya "alijitakia". Nyingine ni "siku yake ilikuwa imefika", ambayo ina upole, na kwa mfiwa ni faraja ambayo sina nia ya kumnyang'anya. Lakini zote mbili, zikitolewa na mtu asiyefiwa, zinafunga faili. Wachunguzi wazuri hufanya kinyume: mitungi hufungwa valvu zake huku ikihesabiwa kila moja ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi, gesi iliyobaki hupimwa ni gesi gani, kamba hutazamwa ilikatika au iliachwa wapi, na kompyuta ndogo ya kupigia mbizi anayoivaa mkononi husomwa kina kwa kina na dakika kwa dakika. Majibu hayo huchukua wiki au miezi. Habari za siku ya kwanza, ambazo ndizo zinazopata maoni mengi, kwa kawaida hazina hata moja kati ya hayo, na ndugu wa marehemu huyasoma maoni hayo siku ile ile.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba kila mtu ana haki ya kuuliza kama marehemu alivuka mipaka, na wakati mwingine jibu ni ndiyo. Haki ya kujibu kabla ya uchunguzi sioni inatoka wapi.

Nirudi kwa mdogo wako. Mapango ya kusini mashariki mwa Unguja yenye madimbwi ambamo wageni huogelea mchana, mwanga ukiingia na hewa ikiwa wazi juu ya kichwa, ni jambo moja. Kuzama na kufuata njia inayoingia gizani chini ya mwamba ni jambo jingine kabisa, na kwenye mapango ya pwani yanayoungana na bahari kuna zaidi: maji ya kupwa na kujaa huweza kugeuza mkondo wakati watu wangali ndani. Cheti chake, hata kama kinamruhusu kushuka mita 40, hakimruhusu kuingia mahali penye dari. Mafunzo ya pango yana ngazi zake: kwanza sehemu ambayo mwanga wa jua bado unaonekana, kisha safari fupi za gizani kwa kamba iliyokwisha kuwekwa, kisha pango kamili. Hutolewa katika maeneo yenye mapango mengi ya maji kama Florida, na Yucatán huko Meksiko, kwa gharama ambayo si ndogo.

Najua pia kwamba mwenye kutegemea bahashishi hupata taabu kumkatalia mgeni, hasa mgeni anayesema amekwisha kupiga mbizi duniani kote. Awaulize mambo manne tu kabla hajavaa pezi: kila mmoja ana taa ngapi, ni nani mwenye kamba na ataifunga wapi nje, geji ikisoma ngapi wote watageuka, na kila mmoja amesomea mapango wapi na kwa cheti gani. Jibu la kubabaisha katika hata moja kati ya hayo linatosha. Nawe umwombe asome mkataba wake wa bima, sehemu inayozungumzia kupiga mbizi nje ya mipaka ya cheti, kisha amwonyeshe mwajiri wake ukurasa huo, ili siku atakaposema hapana awe na karatasi mkononi.